Ufagio wa Bi Schäufele na Hisa za Magari

Siku ya kwanza kumwona Bi Schäufele, alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume.

Ndiyo kwanza nilikuwa nahamia nyumba ile ya Esslingen, chumba cha chini kabisa, na nilikuwa nimesimama penye lango nimekumbatia sanduku la vyombo. Nikaona kwanza soli za viatu vya sufu, kisha soksi nene za kahawia, kisha aproni, kisha mgongo mdogo kama wa mtoto wa shule. Mkono mmoja ulishika kishikio cha ngazi, mwingine ulishika ndoo. Kila ngazi aliipumzikia kabla ya kushuka inayofuata. Alipofika chini akageuka, akanikuta nimeduwaa.

"Ukishamaliza kutazama, kiingilio ni marki mbili," akasema.

Mimi si mtu wa maneno. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne nikaingia jikoni, na jikoni wenye kelele ni masufuria. Nikasema tu, "Samahani, mama."

"Nashuka hivi ili nikague nilipofagia. Msimamizi wa kweli hukagua akirudi nyuma. Wewe ndiye Ewald Bihler? Mwenye nyumba alisema ni mtu mkimya. Afadhali. Msemaji tunaye tayari, na anatutosha."

Msemaji mwenyewe alikuwa Eugen Knapp wa ghorofa ya kwanza, mzee wa miaka sabini, aliyekuwa nyapara wa idara ya rangi katika kiwanda cha magari cha Hagedorn kwa miaka thelathini na minane. Alikuwa amestaafu kiwandani lakini unyapara haukumstaafu. Yeye ndiye aliyeandika ratiba ya wiki ya ufagio na kuibandika ukutani, na Jumamosi jioni alipita akipangusa ngazi kwa kidole, kisha akikitazama kidole kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa. Kila kaya ilikuwa na wiki yake. Jumapili usiku ulikuta kibao kimening'inizwa kwenye kitasa chako, na kuanzia hapo ngazi, ukumbi wa chini, njia ya mbele mpaka barabarani, na hata theluji ikianguka, vyote ni vyako. Kwetu sisi mtu anaweza kusamehewa kwa kutokwenda kanisani. Kwa wiki ya ufagio hasamehewi.

Chumba changu kilikuwa chini ya ngazi. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba ile nilimjua kwa miguu kabla ya kumjua kwa uso, na miguu ya Bi Schäufele haikunidanganya kwa muda mrefu. Jumamosi moja ya Oktoba nilisikia ndoo ikigonga, kisha kimya. Nikatoka. Nikamkuta ameketi pale ngazi zinapokata kona, maji yametapakaa, uso mwekundu.

"Napumzika," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Napumzika tangu saa nne kasoro robo."

Ilikuwa saa tano. Nikamwinua. Magoti yake yalilia kama bawaba kavu. Nikachukua ufagio nimalizie, akaninyang'anya.

"Weka chini! Knapp akikuona na ufagio wangu leo, kesho Hartmut anapiga simu."

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, huku akiutazama mlango wa Knapp. Hartmut alikuwa mwanawe wa pekee, mwalimu huko Ulm. Alikwisha kumwekea nafasi katika nyumba ya wazee karibu na kwake, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Walikubaliana jambo moja: siku mama atakaposhindwa wiki yake ya ufagio, ndiyo siku ya kuhama. Na Knapp alikuwa na namba ya simu ya Hartmut, kwa ajili ya dharura. Kwa Knapp, ngazi isiyofagiwa ni dharura.

"Si utamweleza tu Bwana Knapp?" nikasema. "Naye ni mzee."

"Nimweleze kwamba siwezi? Yule?" Akanitazama kana kwamba nimemwambia aende sokoni bila sketi. "Ewald, miaka arobaini nimeishi juu pale. Nikilala nasikia kengele tatu za makanisa matatu, kila moja na saa yake. Huko Ulm nitasikia nini? Magari yakirudi nyuma."

Basi nikanyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

Tangu siku hiyo nikawa nampandishia viazi na makaa, akawa ananipa chai. Mezani kwake kulikuwa na gazeti la jana. Alilipata bure kwa Zaiser, mchinjaji wa ng'ambo ya barabara, kabla hajafungia nyama. Kando ya gazeti kulikuwa na daftari la shule lenye mistari.

"Unajua hiki nini?" aliniuliza siku moja. "Hizi ni kampuni za magari. Safu ya kwanza, bei ya hisa moja. Ya pili, gawio la mwaka. Ya tatu, gawio kwa kila mia ya bei. Hiyo ya tatu ndiyo yenye maana. Mtu akikuambia kampuni fulani inatoa marki kumi, usishangilie. Uliza hisa yenyewe bei gani. Marki kumi kwa hisa ya mia tano ni mbili kwa mia, umaskini uliovaa tai."

"Basi nitafute penye mia kubwa kuliko zote," nikasema.

"Ndivyo wanavyotaka ufikiri! Tazama huyu hapa, tisa kwa mia. Mbona? Gawio limepanda? Wapi! Bei imeanguka, ndiyo maana. Duka likiungua moto vitu vyote huwa rahisi, Ewald, lakini hata mlango wa kutokea hakuna. Mwakani gawio lenyewe litakatwa, na mwenye hisa atabaki na karatasi za kuwashia jiko."

Bi Schäufele alishona viti vya magari ya Hagedorn kwa miaka ishirini na sita. Nikamuuliza kama alikuwa na hisa zake, kama Knapp, ambaye kampuni ilimuuzia hisa mia, kidogokidogo kila Krismasi, kwa nusu ya bei.

"Mimi? Pesa zangu kwenye magari? Mwanangu, mimi nimeshona viti vyake. Najua kilichomo ndani."

Kisha akanikazia macho, akauliza jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule. "Kwenye ukumbi wenu, wanahisa wakija mkutanoni, mnawalisha nini?"

Nilikuwa nafanya kazi jikoni katika ukumbi mkubwa wa mikutano Stuttgart, ambako kampuni nyingi za mkoa wetu zilifanya mikutano mikuu ya wanahisa. Nikamwambia: Hagedorn siku hizi wanataka vipande vya mkate vyenye samaki wa moshi, kimoja kimoja, na vikiisha vimeisha. Rauscher wa Heilbronn, watengenezaji wa magari madogo, bado ni watu wa kizamani. Soseji, jozi kwa jozi, na saladi ya viazi, na atakaye zaidi anarudi.

"Anarudi mara ngapi?"

"Mpaka ashibe, mama. Hatuhesabu."

Akachora safu ya nne daftarini, bila kuipa jina, akatia alama ndogo mbele ya Rauscher.

Januari ya mwaka 1994 Knapp alimkuta mlangoni kwa Zaiser akiwa na gazeti kwapani. Mimi nilikuwa ndani nasubiri mifupa ya supu, na mke wake Knapp, Irmgard, alikuwa anachagua ini.

"Bi Schäufele! Nasikia siku hizi unasoma kurasa za hisa. Kwa gazeti la mchinjaji."

"Bei ni zilezile, Bwana Knapp. Zinanukia vitunguu tu."

"Na umegundua nini?"

"Nimegundua Hagedorn anatoa marki nne kwa hisa ya mia. Kwa majigambo yako, nilidhani mnakula vizuri zaidi."

Knapp akavimba. Alipozungumza habari za kiwanda kile alisema "sisi", kana kwamba bado ana funguo. "Nne kwa mia ni gawio la heshima! Nitajie kiwanda cha magari kitakachotushinda sisi mwaka huu. Taja kimoja!"

"Rauscher."

"Rauscher!" Akacheka mpaka ini likamtoka Irmgard mkononi. "Bati la samaki lenye magurudumu! Hisa yao mwaka jana ilikuwa mia na kumi, leo sitini. Wanatoa nini hao?"

"Marki moja na pfenigi themanini."

"Tatu kwa mia. Mama, ulipokuwa unasoma shule, tatu ilikuwa kubwa kuliko nne?"

"Mwaka bado mrefu, bwana nyapara. Au unaogopa?"

"Mimi?"

"Tuwekeane. Atakayeshindwa atachukua wiki ya ufagio ya mwenzake. Kwa mwaka mzima."

Akishindwa, angefagia wiki mbili mbili kwa magoti yale, na kabla ya Pasaka angekuwa Ulm akisikiliza magari yakirudi nyuma. Nikamtazama nimpe ishara. Hakunitazama.

Knapp akainama karibu, macho yakimng'aa. Nilijua anachokificha, maana hata sisi jikoni tulikwisha kukisikia: Hagedorn mwaka ule kilitimiza miaka mia, na wakubwa walikusudia kutoa nyongeza ya sherehe juu ya gawio.

"Mwaka mmoja ni mchezo wa watoto," akasema. "Maadam mshindi anaishi nyumba ile."

"Mpaka kufa?"

"Au kuhama."

"Sawa," akasema Bi Schäufele kwa sauti dhaifu ya mtu anayejutia. Nilikuja kuijua sauti hiyo baadaye. Ukiisikia, shika pochi yako.

"Na tuandike," akasema Knapp. "Mimi nitaandika, usije ukapindisha." Akatoa kalamu, akaomba karatasi ya kufungia nyama, akaandika kwa mwandiko wake wa nyapara, akitamka kila neno: "Kila kitu ambacho mwenye hisa atapewa na kampuni yake mwaka huu, kwa sababu ya hisa zake, kitajumlishwa. Kisha kitagawanywa kwa bei ya hisa zake zote ya tarehe tatu Januari."

"Kila kitu?" akauliza Bi Schäufele. "Si gawio peke yake?"

"Kila kitu!" akasema Knapp, akiificha furaha yake vibaya kama mbwa anayeficha mkia. "Gawio, nyongeza, zawadi, chochote."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Irmgard akatikisa kichwa. "Eugen, usishindane na mwanamke aliyeshona viti. Anajua mshono unapoanzia kufumuka."

Wakatia sahihi wote wawili. Zaiser akaitundika karatasi ile kwenye msumari nyuma ya mizani, akateuliwa mwamuzi.

Mwezi wa tano Hagedorn wakatangaza: gawio marki nne, nyongeza ya miaka mia marki kumi. Knapp akashuka ngazi akiimba. Marki kumi na nne kwa hisa ya mia! Akamnunulia Irmgard kofia, akanunua ufagio mpya, akaufunga utepe mwekundu, akausimamisha mlangoni kwa Bi Schäufele. Nilimkuta bibi anauchunguza.

"Nywele za farasi," akasema. "Mzuri. Atafurahi kuutumia."

"Mama," nikasema, "ni kumi na nne kwa mia. Wewe unazo tatu."

"Ewald, tarehe kumi na sita Juni uko zamu?"

Nilikuwa zamu. Ilikuwa siku ya mkutano wa Rauscher.

Kampuni ikiwa na mwaka mbaya, chakula cha mkutano huwa kingi, maana mdomo uliojaa haulalamiki. Mwaka ule tulichemsha soseji mpaka madirisha yakatoa jasho. Wanahisa walikuja tangu asubuhi, wastaafu wengi, kila mmoja na mkoba, na ndani ya mkoba chombo chenye kifuniko. Mwenyekiti alikuwa hajamaliza kuwakaribisha, vifuniko vikaanza kufunguliwa.

Bi Schäufele alikaa kiti cha karibu kabisa na meza yangu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mkononi ana mkoba alioshona mwenyewe kwa kitambaa kilekile cha viti vya Hagedorn, cha rangi ya kijani, imara, ndani umetiwa kitambaa cha mpira. Mkuu wa fedha aliposimama kueleza kwa nini bei ya hisa imeanguka, watu wa adabu wote walitulia kusikiliza. Yeye akaja na sahani.

"Jozi moja, kijana."

Nikampa kwa koleo. Akaketi. Mkuu wa fedha alipofika kwenye gharama za chuma, bibi akarudi.

"Jozi nyingine. Habari za chuma zinaumiza."

Ya tatu alichukua wakati mzee mmoja wa Tübingen akipaza sauti juu ya gawio kiduchu. Ya nne, wakati wa kupiga kura. Nne. Niliziweka kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuona akitafuna zaidi ya moja.

Kisha bomba la jiko la chini likapasuka, nikaitwa. Koleo nikamwachia Gudrun, msichana wa saladi ya viazi. Niliporudi nimelowa mpaka magotini, mkutano ulikwisha na kiti cha Bi Schäufele kilikuwa kitupu.

Jioni nikamkuta kituo cha treni, mkoba mapajani, umenona. Nikaketi karibu naye.

"Mama, ulichukua jozi ngapi zote?"

"Shahidi mzuri hafundishwi," akasema, akafumba macho mpaka Esslingen.

Hukumu ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa tisa, katika chumba cha kufulia nguo, chini ya kamba zenye mashuka ya Irmgard. Nyumba nzima ilikuja. Zaiser alikuja na aproni yake na penseli nyuma ya sikio. Knapp akaweka mezani hati ya benki, hisa mia, marki elfu moja na mia nne.

"Kumi na nne kwa mia," akasema Zaiser. "Na vipande vya samaki? Ulikula?"

"Viwili," akasema Knapp. "Sihitaji kuvihesabu."

"Vihesabu tu," akasema Bi Schäufele. "Lakini vigawanye kwa hisa mia. Hata ungekula nguruwe mzima, kwa hisa moja unapata ukucha."

Watu wakacheka. Knapp akacheka pia, kidogo, bado hajaona mtego. Kisha Bi Schäufele akafungua mkoba wa kijani, akatoa hati yake ya benki, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

Zaiser akaisoma mara mbili. "Hisa moja?"

"Moja."

"Moja tu?" akafoka Knapp. "Hiyo si biashara! Benki walikutoza ada marki ngapi, eh? Ada imekula kila kitu!"

"Nionyeshe penye neno ada kwenye karatasi yako."

Zaiser akaitoa karatasi mfukoni, akaisoma kwa sauti. Neno ada halikuwamo.

"Sasa," akasema Bi Schäufele, "gawio, marki moja na pfenigi themanini. Na soseji."

"Soseji si gawio!"

"Kila kitu ambacho mwenye hisa atapewa na kampuni yake kwa sababu ya hisa zake. Mwandiko wa nani huo? Mlangoni niliulizwa kadi ya hisa. Bila hisa ningepewa soseji? Ewald, ningepewa?"

Watu wote wakanigeukia. Nikatikisa kichwa.

"Soseji hazijui una hisa ngapi, bwana nyapara. Mwenye moja na mwenye elfu wanapanga foleni moja. Ndiyo maana nilinunua moja."

Irmgard alijificha nyuma ya shuka, lakini shuka lilikuwa linatikisika.

Zaiser alikuwa mtu wa haki. Akasema saladi haihesabiki, maana huchotwa kwa jicho, lakini soseji ni soseji, na dukani kwake jozi ni marki moja na nusu. Akatoa penseli. "Kumi na nne kwa mia ya sitini ni marki nane na pfenigi arobaini. Toa gawio. Jozi nne hazitoshi. Jozi tano zinatosha na kubaki. Ulipewa ngapi, Bi Schäufele?"

"Mimi sitataja. Mtasema najipendelea. Muulizeni aliyeshika koleo. Ewald hajawahi kusema uongo, kwa sababu hajawahi kusema chochote."

Nikasimama. Sikumbuki kama nilisimama mwenyewe au nilisimamishwa. Maji yalidondoka kwenye shuka moja, tone, tone, na Knapp alinitazama kama alivyokuwa akitazama rangi mbichi, akitafuta povu. Mimi nilikuwa nawaza dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nilikuwa nawaza pia kwamba mimi huimba kwaya, sauti ya chini, safu ya nyuma, na kwamba Jumapili nitasimama pale.

"Bwana Bihler," akasema Zaiser, "kwa mkono wako, ulimpa ngapi?"

"Tano," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hata Bi Schäufele aligeuka kunitazama.

Zaiser akaandika. "Marki tisa na pfenigi thelathini kwa sitini. Kumi na tano na nusu kwa mia. Rauscher ameshinda."

"Nakata rufaa!" akasema Knapp.

"Kwa nani?" akauliza Irmgard, akitoka nyuma ya shuka na macho yaliyolowa. "Eugen, kafagie."

Na akafagia. Lazima nimpe haki yake: alilalamika wiki tatu tu. Baada ya hapo akaanza kuona fahari. Alifagia kwa ule ufagio wa nywele za farasi, na utepe mwekundu akauacha. Alideki mara mbili, ya pili kwa maji ya siki, akapaka nta kwenye kishikio. Jumamosi jioni alipita kukagua kazi yake mwenyewe kwa kidole, akajisifu mwenyewe kwa sauti. Ngazi zile hazijawahi kung'aa vile.

Novemba Hartmut akaja kutoka Ulm, na fomu ndani ya bahasha. Nilimsikia akipanda, akasimama pale kwenye kona.

"Mama! Ngazi zinang'aa kama kioo. Wiki hii si zamu yako?"

"Zamu yangu," akajibu kutoka juu. Kibao kilikuwa kwenye kitasa chake kweli.

"Na magoti?"

"Unaona vumbi popote?"

Bahasha ikarudi Ulm ilivyokuja.

Nimejiuliza mara nyingi kama Knapp alijua. Jumamosi moja ya baridi nilitoka na taka nikamwona yuko kwenye kona na ndoo, na juu yake Bi Schäufele anashuka kinyumenyume, anapumzika, anashuka. Knapp aligeukia ukuta. Akaanza kusugua sehemu moja ya ukuta, safi kabisa, akaisugua na kuisugua mpaka bibi akapita. Hawakusalimiana. Alipofika chini, Bi Schäufele akapiga kelele, "Umeruka ngazi ya saba, bwana nyapara!" na Knapp akajibu, "Ngazi ya saba umeikanyaga wewe, mama, na viatu vichafu!" Basi nikajua wote wawili ni wazima.

Mimi ndiye sikuwa mzima. Niliacha kwaya. Nilimwambia kiongozi koo linanisumbua, nao ukawa uongo wa pili. Kila Zaiser aliponipimia soseji nilihisi ananitazama mkononi. Mara mbili nilipanda nimwambie Bi Schäufele kwamba nilihesabu nne, na mara mbili alinipa chai na kunifundisha habari za magari ya Italia, nikashuka na siri yangu. Hisa yake moja hakuiuza. Kila Juni alivaa gauni la kanisani akaenda mkutanoni na mkoba wa kijani, na kila Juni niliweka jozi kwenye sahani yake bila kumwangalia usoni.

Akaishi pale juu majira mengine matatu ya baridi, na kengele zake tatu.

Februari ya mwaka wa nne magoti hayakuwa tena ndiyo shida, ilikuwa ni moyo. Wale wa gari la wagonjwa wakamketisha kwenye kiti chao chenye mikanda, wakamshusha, mmoja juu, mmoja chini. Knapp alikwisha kufagia njia ya mbele mpaka kwenye gari, theluji yote, akasimama pembeni ameshika ufagio wima kama bunduki. Nikafungua lango, nikalishika. Nilimwona akija kama siku ya kwanza, mgongo mbele. Walimshusha kinyumenyume.

Walipofika kwangu akainua mkono, wakasimama. Hartmut alikuwa nyuma na sanduku dogo. Nikainama, maana sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba. Nikafikiri ataniaga, au ataniomba nimwagilie maua.

"Zilikuwa sita, Ewald," akasema. "Mbili nilipewa na yule msichana wa saladi. Uongo wako ulipungua jozi moja."